Hatua za Azzan

Azzan aliiweka saa juu ya friji,
akasema, Ivae wewe, dada, wewe una miguu.
Ofisini kwao Qurum wanashindana:
hatua elfu kumi kwa siku, mwezi mzima,
na yeye kutwa amekaa kwenye kiti chenye magurudumu
akisubiri visima vya mafuta vimtumie namba.

Nikaivaa. Ikanifinya kifundo
kama mtoto asiyetaka kuachwa sokoni.

Asubuhi, kabla jua la Al Khoud halijaanza kukaanga lami,
namsukuma Bi Rayya ndani ya jengo la maduka, Mawaleh,
maana nje hapakanyagiki tangu Mei.
Maduka yenyewe bado yamefumba macho.
Tunapita udi, tunapita viatu, tunapita
masanamu yasiyo na vichwa yaliyovaa mabuibui,
mizunguko mitano, chini na juu,
gurudumu la kushoto likilia nyii, nyii kwenye marumaru,
nyayo zangu zinawaka.
Nikatazama saa: mia moja na sita.

Mia moja na sita!
Kumbe mikono ilishika kiti, haikupunga,
na saa haijui miguu, inajua mkono tu.
Anayemsukuma mwenzake, kwake huyo kasimama.
Jioni Azzan akaniuliza kwa upole,
ule upole wenye kalamu nyuma ya sikio:
Leo hamkutoka?

Ijumaa kweli sikutoka.
Nilikanda unga wa chapati za watu ishirini na wawili,
nikakuna nazi, nikapiga mayai,
nikasugua sufuria ya bokoboko
iliyoshika ukoko kama deni.
Nimesimama juu ya vigae vinne, kati ya jiko na sinki,
saa ikatetemeka, ikarusha fataki za rangi kiooni:
Hongera, Azzan! Umevuka lengo.
Kilomita saba, ilidai.
Basi ningekuwa nimeshafika soko la samaki la Seeb,
peku, na unga hadi viwikoni.

Bi Rayya alicheka mpaka meno ya bandia yakamchomoka.
Nipe na mimi, akasema, kwa Kiswahili chake cha Unguja
kilichokunjwa miaka mingi chini ya Kiarabu cha wajukuu.
Akaivaa mkono wa tasbihi.
Baada ya Isha vidole vikaanza,
punje kwa punje, mkono ukipanda ukishuka,
mpaka usingizi ukampokonya uzi.

Alfajiri saa ikasema: elfu tatu na arobaini.
Bi Rayya! Ambaye kwake mlango wa choo ni ng'ambo!
Nilikwenda wapi? akaniuliza,
macho kama ya mtoto aliyeiba sukari.
Korogwe, nikamwambia. Umemsalimia mama.
Ndiyo maana magoti yananiuma. Hajambo?
Hajambo.
Paa limeshaezekwa?
Nikajifanya natafuta kofia ya chupa ya dawa.
Bado, bibi.

Azzan alishika nafasi ya pili.
Walimpa mashine ya kukimbilia. Imesimama sebuleni,
naanikia juu yake kanzu zake.

Lakini saa nane za usiku, ile saa iko kwenye chaji,
inakula umeme, haioni.
Bi Rayya hunigongea mbao za kitanda kwa pete.
Ananishika shingo, namshika kiuno,
tunakwenda, kifua kwa kifua, mimi kinyumenyume,
yeye akihesabu kwa sauti: moja, mbili,
tatu. Kwenye nne hupumzika, ananihema begani,
harufu ya karafuu na Viksi.
Tisa huiruka kila siku, sijui ilimkosea nini,
kwa hiyo yeye hufika mlangoni kwa kumi na tano
na mimi kwa kumi na nne.

Simsahihishi.
Nawasha taa kwa kiwiko.